Moto au Baridi? Shajara ya Stauti ya Jamhuri

Jumamosi, 4 Oktoba

Mjomba wangu wa Nakuru anafika Chicago tarehe 9 Desemba kuwaona wajukuu, na siku tatu baadaye ni Jamhuri. Kila mwaka tunakutana kwangu, Wakenya wachache na majirani waliozoea kelele zetu, tunachoma nyama kwenye roshani hata theluji ikianguka. Mwaka huu, nyama ikiisha, sitaki keki ya dukani. Nataka kumimina stauti, bia nzito, nyeusi tii, ile inayonukia chokoleti na vanila, ambayo Wamarekani huinywa mahali pa kitindamlo.

Mwaka jana nilijaribu, nikaharibu. Nilitoa chupa kwenye friji, nikajaza hadi ukingoni zile glasi kubwa za bia zilizolala kwenye friza, nikawapa watu pamoja na kaimati zinazodondoka shira. Watu walikunywa robo, wakaweka glasi chini kwa adabu. Asubuhi nikamwaga kwenye sinki pesa ambazo zingelisha nyumba siku mbili. Sikuilaumu bia. Nilijua mkosaji ni mimi niliyemimina, ila sikujua kosa ni baridi, au glasi, au kipimo, au zile kaimati.

Basi nina wiki kumi, daftari, kipimajoto cha jikoni, na sharti moja nililojiwekea: kila jaribio nibadilishe kitu kimoja tu.

Nimenunua za kujifunzia: chupa nne za Old Rasputin ya North Coast, kutoka Fort Bragg, California, yenye kilevi asilimia 9, chupa nne za Black Chocolate Stout ya Brooklyn, asilimia 10, na makopo mawili ya stauti ya keki, yaani iliyotiwa utamu na vionjo hadi ifanane na kitindamlo, kutoka kiwanda kidogo ambacho sitakitaja. Mume wangu ameyatazama makopo hayo, yenye picha ya kitu kama maandazi yaliyomwagiwa damu ya stroberi, akaniuliza kama ni bia au ni chakula cha watoto.

Jumapili, 12 Oktoba

Leo sijapima chochote. Nimeonja na kusoma, maana siwezi kujua namna ya kumimina kitu nisichokielewa.

Shayiri iliyochipushwa kisha ikakaushwa, yaani kimea, hulowekwa kwenye maji ya moto hadi wanga wake ugeuke sukari. Chachu hula sukari hiyo na kutoa kilevi na gesi. Hiyo ni bia yoyote. Kwa stauti hizi kimea huwa kingi mno, na sehemu yake hukaangwa hadi karibu kuwa makaa, sawasawa na buni. Weusi hutoka hapo, na ladha ya kahawa na chokoleti vilevile. Ile ya Brooklyn inaitwa ya chokoleti lakini ndani hamna hata punje ya kakao. Nimeinusa mara tatu nikikataa kuamini.

Sukari ikiwa nyingi kiasi hicho chachu hailiwezi sinia lote. Hubakiza. Wenye viwanda hupima mabaki hayo kwa haidromita: maji matupu ni 1.000, bia ya kawaida ikimaliza kuchacha huwa karibu na 1.010, na stauti za keki huachwa kwenye 1.030, 1.040, nyingine zaidi. Tofauti hiyo ndogo ya tarakimu ndiyo ule uji unaousikia ulimini. Nasema uji kwa maana yake kamili, uji wa wimbi, ule mwepesi wa asubuhi.

Wengine hawatosheki. Huongeza laktosi, sukari ya maziwa, kwa sababu chachu ya bia haiwezi kuila, kwa hiyo hubaki yote na kuifanya bia iwe nzito na laini. Juu yake huja vanila, nazi iliyokaangwa, mdalasini, kahawa.

Nimeandika LAKTOSI pembeni kwa kalamu nyekundu. Tuna rafiki anayekunywa strungi tu, si kwa kuipenda, bali maziwa humvuruga tumbo. Mwaka jana alinywa niliyommiminia, akaaga mapema akisema kesho ana zamu. Sikumwuliza zaidi. Leo nimesoma lebo ya ile chupa kwenye picha za simu yangu, na nadhani hiyo zamu ilikuwa ya chooni.

Jumatano, 22 Oktoba

Jaribio la joto. Watoto wamelala, Old Rasputin mbili zimetoka friji zikiwa nyuzi 4. Chumba changu ni nyuzi 21, kama nyumba nyingi za huku hita ikishawashwa.

Nyuzi 4: Uchungu mtupu na maji ya barafu. Harufu hamna, hata nikizamisha pua. Ningekuwa sijui ningesema ni kahawa ya jana iliyosahauliwa kwenye friji. Hivi ndivyo nilivyowapa watu mwaka jana, tena kwenye glasi iliyoganda.

Nyuzi 7 na nusu (dakika 20 baadaye): Uchungu umerudi nyuma kidogo. Kuna kitu kama ganda la mkate lililoungua.

Nyuzi 10 (dakika 40): Hapa nimeita mume wangu aje anuse. Chokoleti. Si chokoleti ya maziwa, ile chungu ya kupikia. Nyuma yake sukari guru.

Nyuzi 12 (dakika 55): Zabibu kavu, tende, sukari guru zaidi. Utamu na uchungu vinasukumana, hakuna anayemshinda mwenzake. Nimekaa na glasi hii muda mrefu kuliko zote, mpaka ikafika 14 mkononi mwangu, na kusema kweli 14 ilikuwa bora kuliko 12.

Nyuzi 20 (nimeiacha hadi nikaosha vyombo vyote): Kilevi kimepanda puani kama spiriti ya daktari. Utamu umelegea, umekuwa dawa ya kikohozi. Ladha zote zipo, ila zinapiga kelele kwa pamoja.

Kwa hiyo kati ya 11 na 15. Ukitoa chupa kwenye friji, iache mezani saa moja kasoro, kisha acha mkono wa mnywaji umalizie. Haihitaji mtambo. Inahitaji mtu anayekumbuka kuitoa kabla ya wageni kupiga hodi, na huyo katika nyumba hii ni mimi.

Nikiwa kitandani nimecheka peke yangu gizani. Mjomba, tangu nikiwa mdogo, akiingia baa pale Nakuru na mhudumu akimwuliza "Moto au baridi?", alijibu neno moja: "Moto." Chupa ilitoka rafuni, haijawahi kuona friji. Nilipofika chuo nikawa naona aibu. Sisi tulikunywa baridi mpaka lebo zikabanduka kwa jasho la chupa, tukiamini baridi ndiyo ustaarabu, na "moto" ni ya wazee waliokulia pasipo na stima. Sasa nina shahada mbili na kipimajoto cha dola 15, na nimefika nusu ya njia kwenda alipokuwa Mjomba mwaka 1985.

Nusu ya njia, nasema, maana moto ya Nakuru si moto ya Chicago. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na chumba kisicho na hita jioni huwa nyuzi 17 au 18. Hapa kwangu rafuni ni 21, karibu na moto zaidi.

Jumamosi, 1 Novemba

Glasi. Fupi. Nimejaribu kikombe kikubwa cha bia, glasi ya divai nyekundu, na glasi ya brandi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba niliyoipata duka la mitumba. Kikombe kinapoteza harufu yote hewani. Glasi ya brandi na ya divai zinaikusanya, na mkono unaweza kulikumbatia tumbo la glasi kuipasha. Sitanunua nyingine. Nina glasi sita za divai na zinatosha.

Povu nalo halidumu, nilidhani ni kosa langu. Kilevi kingi hulivunja, na mafuta ya nazi au kakao hulimaliza kabisa. Lakini glasi iliyopanguswa kwa kitambaa kilichogusa mafuta ya kupikia ilinipa bia isiyo na povu hata kidogo, na ile iliyosuuzwa vizuri na kukauka yenyewe ikanipa kidole kimoja cha povu la rangi ya hudhurungi. Kidole kimoja kwa dakika mbili. Linatosha kupigwa picha.

Jumamosi, 8 Novemba

Balaa.

Yale makopo mawili ya keki, kwa kukosa nafasi kwenye friji, niliyaweka juu ya kabati karibu na bomba la hita. Leo asubuhi nimekuta moja limevimba kichwa kama chura. Nililibeba kwenda sinki kwa mikono miwili, nikalifungua nikiwa nimegeuza uso, na nusu yake ikapanda hadi darini. Dari yangu ina doa la stroberi. Binti yangu ameliita "ramani ya Afrika" na anataka tulibakishe.

Kisa chake nimekielewa baadaye. Ndani ya kopo waliongeza rojo la matunda baada ya bia kumaliza kuchacha, na chachu iliyobaki, ikipata joto, ikaamka ikakuta karamu mpya. Gesi haina pa kutokea. Kopo la pili nimelitia kwenye friji haraka, nikalifungua jioni nje ya mlango. Limetoka salama. Ladha yake ni jemu na biskuti. Mume wangu amelimaliza kwa furaha. Mimi nimeandika: hapana.

Makopo ya namna hii ni maziwa ya asubuhi, si divai. Yanunuliwe yakiwa yametoka tu, yakae kwenye friji, yanywewe upesi. Stauti yenye kilevi kingi isiyo na matunda wala vikolezo ndiyo inayoweza kungoja. Hata vanila hufifia baada ya miezi, nazi hutangulia kufifia, na kahawa ikizeeka ndani ya bia hugeuka kunukia kama pilipili hoho mbichi. Nilikuwa nimepanga kutunza chupa za aina zote "zikomae". Mpango umefutwa.

Jumapili, 16 Novemba

Vitafunio. Nimelifurahia jaribio hili kuliko yote, na limenichanganya kuliko yote.

Kinywaji: Black Chocolate Stout, nyuzi 13, vidonge viwili vya maji kati ya kila tonge. Nimesoma nilivyoandika sasa hivi, nilimaanisha mafunda mawili ya maji. Ndiyo, ilikuwa saa tano usiku.

Kaimati kwanza, nilizipika mwenyewe, shira yenye iliki. Ukila kaimati halafu ukanywa, stauti inageuka maji machungu. Utamu mkubwa humeza mdogo. Bia yote iliyokuwa na sukari guru na tende imebaki majivu. Kumbe ndivyo ilivyowapata wale watu! Haluwa ya Lamu aliyoniletea shemeji imefanya kosa lilelile, vibaya zaidi, kwa sababu haluwa ina mafuta na inang'ang'ania ulimi. Keki ya chokoleti: hakuna aliyeumia, hakuna aliyefaidi. Mambo mawili yanayosema jambo moja.

Nimeketi nikawaza kahawa chungu. Nimekulia Changamwe, na pale Mombasa muuza kahawa hupita na dele lake la shaba na vikombe vidogo visivyo na mkono, akivigonganisha ili watu wajue yupo. Kahawa ni chungu kweli, hakuna sukari, na unainywa ukitafuna kashata au kipande cha haluwa. Kinywaji kichungu, kitafunio kitamu, kikombe kidogo. Mimi nimechukua kitafunio kilekile nikakiweka kando ya kinywaji kitamu, halafu nashangaa.

Nikapindua.

Korosho zilizokaangwa na chumvi: vizuri sana. Chumvi inaupunguza uchungu na kuinua chokoleti, mafuta ya korosho yanaubeba.

Jibini yenye ukungu wa buluu, Stilton ya Waingereza: mume wangu amekimbia harufu. Mimi nimerudia mara tatu. Chumvi, ukali, na halafu stauti inakuja nyuma yake kama jemu ya zabibu. Wageni wangu wengi hawataigusa, naijua jamii yangu. Nitaweka kipande kidogo kwenye sahani ya mbali.

Kashata ya karanga, nikiwa nimepunguza sukari kwa theluthi, nikaiacha sukari iungue kidogo zaidi ya kawaida na kunyunyiza chumvi juu: hapa nimesimama. Uchungu wa sukari iliyoungua unakutana na uchungu wa kimea kilichoungua, ni ndugu hawa.

Kisha, kwa mchezo tu, mabuyu. Mfuko wa mabuyu mekundu uliokuwa kwenye droo tangu Agosti. Nilitarajia uchafu. Ule uchachu wa ubuyu umekata uzito wa stauti kama ndimu inavyokata mafuta ya samaki, na baada ya kukatwa unatamani kunywa tena. Vidole vimekuwa vyekundu, daftari limekuwa jekundu, ukurasa huu una alama. Mabuyu yameingia kwenye orodha.

Ijumaa, 28 Novemba

Leo ni kesho ya Siku ya Shukrani, siku ambayo Goose Island hutoa Bourbon County Stout yao ya mwaka. Ni bia ya mji huu. John Hall alifungua Goose Island mwaka 1988 kama baa inayopika bia yake yenyewe, Mtaa wa Clybourn, na katikati ya miaka ya 1990 mwanawe, Greg Hall, akalaza stauti nzito kwenye mapipa yaliyotoka kwa watu wa Jim Beam. Tangu 2011 kiwanda ni mali ya Anheuser-Busch, na kuna watu hapa ambao bado hawajasamehe. Mimi nilihamia baadaye, ugomvi huo si wangu.

Mapipa hayo yana siri ya kisheria ninayoipenda. Sheria ya Marekani inataka wiski ya bourbon ilazwe kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani. Kipya. Kwa hiyo pipa likishatumika mara moja, mwenye bourbon hana kazi nalo tena. Linauzwa, na mbao zake bado zimelewa. Stauti ikikaa humo miezi kadhaa hunyonya wiski, vanila ya mbao yenyewe na moshi wa ule mchomo. Ndiyo maana hii ina harufu ya vanila bila mtu kuweka vanila.

Watu hupanga foleni alfajiri, kwenye baridi ya kuganda. Mimi nimekwenda saa saba mchana baada ya kuosha sufuria za jana, nikapata chupa mbili za mililita 500. Lebo inasema zaidi ya asilimia 14.

Jumapili, 7 Desemba

Kipimo. Nimepiga hesabu mezani na mwanangu wa darasa la saba, yeye akidhani ni mazoezi ya shule. Marekani "kinywaji kimoja" ni kopo la mililita 355 lenye kilevi asilimia 5, yaani mililita 17 na nusu hivi za kilevi halisi. Chupa yangu ya mililita 500 kwa asilimia 14 ina mililita 70. Gawa kwa nne. Chupa moja ni ya watu wanne, mililita 125 kila mmoja, na kila mmoja amekunywa sawa na kopo moja zima la bia ya kawaida. Mwaka jana nilimpa mtu mmoja chupa nzima, baada ya Tusker mbili.

Nimemimina mililita 125 za maji kwenye glasi ya divai kuona inakaaje. Inaonekana haba, kama nimebania. Mgeni wa Kikenya akipewa glasi ya namna hii atafikiri bia imeisha. Sina suluhisho la heshima hapa. Nitasema mapema kwamba inanywewa kama kahawa ya Mombasa, na aliyekulia Pwani atanielewa.

Jumatano, 10 Desemba

Mjomba amefika jana na makoti mawili moja juu ya jingine. Jioni baada ya chakula nimemletea mililita 100 za Black Chocolate Stout kwenye glasi ya divai, nyuzi 13, bila kusema neno. Ameishika, akaizungusha, akaangalia kwenye taa.

"Hii iko katikati. Si moto, si baridi."

"Ndiyo, Mjomba. Onja kwanza."

Ameonja. Amekaa kimya. Mimi nimejifanya napanga vijiko.

"Wewe msichana, hii si bia. Huu ni uji."

"Uji mzuri au mbaya?"

"Uji wa harusi." Akaonja tena. "Lakini wamekuletea baridi kidogo. Iache."

Ameiweka kando ya kiti, akaanza habari za mvua, za jirani aliyeuza shamba, za barabara mpya, na baada ya dakika 20 akairudia. Nimetumbukiza kipimajoto kwa siri alipokwenda kutafuta miwani: nyuzi 17. Amemaliza hadi tone la mwisho. Kwangu 17 ni nyingi, nasikia kilevi. Kwake 17 ni nyumbani. Nimefuta "kati ya 11 na 15" kwenye daftari nikaandika "13, na mzee ajipashie mwenyewe."

Ameuliza kwa nini lebo inaandika "imperial", wafalme wanahusikaje na uji. Nimemweleza ninavyojua: kwamba karne ya 18 kiwanda cha Thrale cha Southwark, London, kilipika pota nzito, bia nyeusi ya ukoo mmoja na stauti, ya kupelekwa Urusi, kwa Malkia Catherine, kwamba kiwanda kiliuzwa mwaka 1781 kikaja kuitwa Barclay Perkins, na kwamba mchoraji Joseph Farington aliandika kwenye shajara yake mwaka 1796 kuwa amekunywa pota hiyo, na kwamba aliambiwa inaweza kudumu miaka saba.

"Miaka saba," amesema Mjomba. "Na huyo malkia, alikuwa na friji?"

Ijumaa, 12 Desemba (naandika Jumamosi asubuhi)

Nyuzi 8 chini ya sifuri kwenye roshani. Mbuzi ameiva vizuri upande mmoja kuliko mwingine, kama kila mwaka. Tulikuwa kumi.

Saa mbili na nusu nimetoa chupa kwenye friji: Bourbon County moja, na Black Chocolate mbili za wale wasiotaka pipa. Zote tatu hazina laktosi, nimesoma lebo mara mbili, na nimemwambia rafiki yetu wa strungi sikioni. Ameniangalia akacheka, hatukulizungumza zaidi. Saa tatu na dakika 25, nyuzi 12. Nimemimina taratibu, glasi imeinama, halafu nikaisimamisha mwishoni ili povu lipande kidogo. Glasi za divai sita hazikutosha watu kumi, kwa hiyo wanne wamepata vikombe vidogo vya kahawa, na baada ya dakika tano wenye glasi walikuwa wakivionea wivu vikombe.

Makosa: niliweka kashata na mabuyu mapema, watoto wakamaliza mabuyu kabla ya bia kufunguliwa. Nimerudi na nusu mfuko uliofichwa. Jirani wetu Mmarekani, mtu wa miaka 60 aliyezaliwa mjini humu, alikula ubuyu akatafuna mbegu. Nilisahau kumwambia. Korosho zimekwisha zote. Jibini nimeila mimi na Mjomba peke yetu, yeye kwa kunitia moyo nadhani, ila amechukua mara ya pili bila kusukumwa.

Nilichokuja kuona usiku ule sikukipanga. Mwaka jana watu walikunywa wakiwa wamesimama, wakiongea juu ya mechi. Safari hii, kwa sababu kipimo ni kidogo na lazima usubiri ipate joto, wote waliketi. Wale wa vikombe walivishika kwa mikono miwili. Mjomba aliweka yake kando ya kiti kama kawaida, wawili wakamwiga bila kujua, na kwa dakika 15 hivi hakuna aliyenyanyua chochote. Watu waliongea. Mimi nilikuwa na wasiwasi jikoni kwamba hawaipendi. Halafu mmoja akanusa yake, akasema "Hii imebadilika," na wote wakachukua zao kwa pamoja.

Hakuna glasi iliyobaki na kitu. Nimezihesabu wakati wa kuosha.

Jumapili, 14 Desemba

Imebaki Bourbon County moja. Hii haina vikolezo vya kufifia, kwa hiyo inaweza kungoja mwaka bila aibu, pengine ukali wa wiski utapungua na tende zitaongezeka. Nimeisimamisha, sikuilaza kama divai, kwenye kabati la sakafuni upande wa ukuta wa nje, penye giza na baridi ya kudumu, mbali na bomba la hita. Darini doa la stroberi bado lipo.

Nimebandika karatasi shingoni mwa chupa: "Jamhuri ijayo. Itolewe saa moja kabla. Mjomba asiguse."

Jioni nimekwenda kuchukua viatu vya theluji hapo kabatini. Chupa imesogezwa kidogo, na chini ya mwandiko wangu, kwa herufi kubwa za mzee asiyevaa miwani, pameandikwa: "Nimeishika tu. Bado baridi."